Nduthi ama Gari? Hesabu Yote ya Kuenda Job Kericho na Bomet

Ukiishi huku kwa chai, hili swali litakupata siku moja. Umepata job, nauli ya mathree inakula mshahara, na jirani amenunua Boxer, sasa anafika keja akiwa bado na nguvu ya kupika. Mwingine naye anakushow uachane na nduthi, ujibane kidogo ununue Vitz ama Probox. Nani ako sawa?

Jibu fupi ni hili: kwa mafuta, nduthi inashinda gari kila siku. Lakini pahali nduthi inakuokolea pesa mob ndio pahali inakuweka kwa hatari zaidi. Ukielewa hiyo sentensi vizuri, utachagua poa. Twende hatua kwa hatua.

Huku si Nairobi

Kericho tao iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Bomet iko karibu hapo hapo. Injini inasikia hiyo baridi na hiyo hewa nyepesi kukuliko wewe. Injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hivyo nduthi yako huku imeshapoteza kama moja ya tano ya nguvu yake kabla hata hujabeba mtu. Ongeza milima, na utaelewa kwa nini nduthi ya cc 100 ikiwa na watu wawili inalia kwa gia ya pili ikipanda. Kama njia yako ina milima mirefu, anza kuangalia cc 125 ama 150.

Halafu kuna mvua. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapanda milima ya Mau, inapoa, inamwaga. Ndio maana chai inafanya vizuri. Ratiba yake unaijua: asubuhi jua, saa nane mchana mawingu, saa kumi mvua inapiga mabati mpaka husikii redio. Miezi ya Aprili na Mei ndio noma zaidi, Januari na Februari ndio afadhali.

Na si maji tu. Kericho na Nandi Hills ni kati ya sehemu ambazo mvua ya mawe hupiga mara nyingi zaidi duniani. Miaka ya 60 na 70 ndege zilikuwa zinarushwa kuweka dawa kwa mawingu ili mawe yasiharibu chai. Sasa fikiria hayo mawe yakikupata kwa nduthi ukiwa na kofia ya sufi.

Hesabu ya mafuta

EPRA hutangaza bei mpya ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo weka bei ya sasa ya mtaa wenu. Hapa tutatumia 180 kwa lita ndio hesabu iwe rahisi. Nduthi tuipe kilomita 45 kwa lita, juu ya hii milima. Gari ndogo tuipe kilomita 12 kwa lita. Ukienda polepole utapata zaidi, ukikanyaga utapata chini. Siku za kazi ni 22 kwa mwezi.

Safari fupi, kilomita 8 kwenda na 8 kurudi (kilomita 352 kwa mwezi):
- Nduthi: karibu lita 8, kama 1,400.
- Gari: karibu lita 29, kama 5,300.
- Tofauti: kama 3,900 kwa mwezi.

Safari ndefu, kilomita 30 kwenda na 30 kurudi (kilomita 1,320 kwa mwezi):
- Nduthi: karibu lita 29, kama 5,300.
- Gari: lita 110, yaani 19,800.
- Tofauti: kama 14,500 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya 170,000.

Hiyo tofauti ya mwaka inatosha kununua nduthi ingine mpya, ama karibu. Hapa ndipo watu wengi hufunga kalkuleta na kukimbia dukani. Ngoja kwanza.

Mathree umeiacha wapi?

Watu hulinganisha nduthi na gari, kumbe wao wenyewe hawana gari. Kile unataka kuacha ni mathree. Basi linganisha na hiyo.

Tuseme unalipa nauli ya 150 kwa hiyo safari ya kilomita 30. Mara mbili kwa siku, siku 22, ni 6,600. Mafuta ya nduthi ni 5,300. Umeokoa 1,300. Kwa hiyo 1,300 utoe oili, utoe cheni na spoketi zikiisha, utoe tairi, breki, bima, na pesa ya kuosha matope. Hakuna kitu kinabaki. Na bado hujalipa bei ya nduthi yenyewe.

Kwa safari ndefu ya lami, nduthi haikuokolei pesa ukilinganisha na mathree. Inakupa saa zako: hungoji ijae, hushuki kwa steji utembee dakika 40 kwa matope. Hiyo ni maana ya kununua, na ni poa kabisa. Lakini jua unanunua masaa, usijidanganye unasave doh. Piga hii hesabu na nauli yako halisi kabla hujaweka sahihi popote.

Bei ya kununua

Nduthi mpya ya cc 100 hadi 150, zile za Bajaj Boxer na TVS unaona kila steji, huanzia kama laki moja na nusu kuenda laki mbili na kitu. Tangu 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, zilimwagika kila kijiji, na faida yake ni kwamba spea iko kila sokoni na fundi ako kila kona. Ikizima Kapkatet ama Silibwet, hutalala hapo.

Gari ndogo iliyotumika, Vitz, Demio ama Probox ya miaka mingi, jiandae na laki tano kuenda juu. Ukiona ya bei ya chini kuliko hapo, fundi wako aiangalie kabla yako.

Kuhusu mkopo: nduthi ya mkopo wa kulipa kila siku inaeza kukugharimu karibu mara mbili ya bei ya dukani ukimaliza. Usiulize tu "kwa siku ni ngapi". Zidisha hiyo pesa ya siku na idadi ya siku, ongeza amana, halafu uangalie. Hiyo mikopo ilitengenezewa mtu wa bodaboda anayepata pesa kila siku. Wewe wa mshahara wa mwisho wa mwezi, mkopo wa sako mara nyingi utakuumiza kidogo kuliko huo.

Karatasi, ndio usihepe karao

- Leseni. Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha nduthi. Pikipiki ni daraja A, gari ndogo ni daraja B. Enda shule ya udereva ufanye mtihani wa NTSA. Kufunzwa na beshte kwa uwanja wa shule ya msingi si leseni.
- Bima. Sheria inataka angalau ile ya kulipa watu wengine, kwa nduthi na kwa gari. Kumbuka hiyo inalipa yule umegonga. Mguu wako na nduthi yako haviko ndani.
- Bima kubwa ya gari. Huhesabiwa kwa asilimia ya bei ya gari. Kwa mfano, gari ya laki saba kwa asilimia 4 ni 28,000 kwa mwaka.
- Abiria. Nduthi inabeba mtu mmoja tu nyuma. Mama, mtoto na gunia la mahindi pamoja ni kesi, hata kama kila mtu anafanya.
- Helmeti na jaketi inayong'aa ni za wote wawili, wewe na abiria wako.
- Jina. Hakikisha nduthi ama gari imehamishwa kwa jina lako. Ukinunua kwa mtu na uache jina lake, siku ya shida hautakuwa na kitu cha kuonyesha.

Barabara zako ni za aina tatu

Hapa ndipo uamuzi unafanyika. Chukua njia yako yote, ukate vipande.

Ya kwanza ni barabara kuu ya lami, ile inatoka Nakuru kupitia Londiani Junction na Kericho ikishuka kuenda Kisumu. Hii ni njia ya matrela yanayoenda Uganda na kwingine. Kuna mteremko mrefu, na trela ikifeli breki haichagui. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, trela ilipoteza mwelekeo hapo Londiani Junction ikagonga magari, nduthi na watu waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara. Watu 52 walikufa. Hapo palikuwa na wale waliosimama tu wakingoja abiria. Kwa hii barabara, bati la gari ni kitu kidogo mbele ya trela, lakini bado ni kitu. Kwa nduthi hauna hata hicho.

Ya pili ni lami ya katikati, kama Kericho kuelekea Litein na Sotik, ama Kaplong kuingia Bomet. Magari hayajasongamana sana, lakini kona ziko, vituo vya soko viko, ng'ombe wako, na Probox zilizojaa abiria zinasimama popote mkono ukipungwa. Ukipita sokoni, mwendo ni kilomita 50 kwa saa na si zaidi. Nduthi hapa inawezekana kama una akili na mwanga wa mchana.

Ya tatu ni murram ya kuingia ndani kwa chai. Hapa nduthi ndio mfalme. Gari ndogo ya chini inagusa tumbo kila shimo, na ikinyesha inateleza mpaka mtaro. Nduthi inatafuta kamstari kake kakavu inapita. Lakini jua mambo mawili. Matrekta na malori ya majani mabichi huacha matope kwa kona, hata pale murram inaingia lami, na hapo tairi la mbele linaondoka bila kuaga. Pia barabara nyingi ndani ya mashamba makubwa ni za kampuni. Kuna geti na kuna askari. Uliza mapema kama unakubaliwa kupita na mpaka saa ngapi, kabla ujipange na njia ya mkato ambayo inafungwa saa moja jioni.

Ikinyesha, hesabu inabadilika

Ukiwa kwa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unapita karibu mita 17. Mtu huchukua kama sekunde moja na nusu kuona shida na kushika breki. Hizo ni mita 25 zimeenda na bado hujapunguza kitu. Kwa lami kavu utasimama kwa jumla ya kama mita 45. Ikilowa, inafika 60 na zaidi, na hiyo ni kama tairi zako ni nzuri.

Sasa leta ukungu wa asubuhi, ule wa kuona mita 40 tu mbele. Kwa kilomita 60 kwa saa, kitu kikitokea utakigonga, hata kama breki ni mpya jana. Shuka mpaka 30, utasimama kwa kama mita 22 hata kwa maji. Hii ni hesabu ya nduthi na gari zote. Tofauti ni kwamba gari ikiteleza inabaki imesimama kwa miguu minne. Nduthi ikiteleza inalala, na wewe chini yake.

Kanuni za mvua kwa mtu wa nduthi:
- Dakika 10 za kwanza za mvua ndizo mbaya zaidi, ju maji yanachanganyika na oili na vumbi juu ya lami. Ingia kibandani, ngoja.
- Tumia breki zote mbili polepole. Ukivuta ya mbele peke yake kwa kona, umeanguka.
- Kuteremka mlima usizime injini kusave mafuta. Weka gia ya chini, injini yenyewe ikushike. Breki zikichemka hazitakuwa nawe huko chini.
- Mawe yakianza, simama. Hakuna job inalipa hiyo.
- Koti la mvua la suruali na juu, gambuti, na glavu. Mkono ukiganda hauwezi kuvuta breki kwa haraka.

Bei ya mwili wako

Kenya, watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka. Wanaoongoza ni watembea kwa miguu, na wa nduthi wanafuata karibu. Wengi zaidi wanabaki na mguu wenye vyuma. Ukipita wodi za mifupa utaona vijana wa umri wako wamejipanga.

Kuvunjika mguu si bili ya hospitali tu. Ni miezi ya kukaa bila kazi, rent ikiendelea, na mathe akiacha shamba kukuangalia. Kama uko kwa kibarua bila mkataba, hiyo miezi hakuna anayekulipa. Hii ndio gharama haionekani kwa kalkuleta ya mafuta.

Kwa hivyo, ukinunua nduthi, bajeti yake lazima iwe na hizi:
- Helmeti nzuri inayofunika masikio na kidevu, yenye mkanda unaofunga. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi unaonyesha helmeti inapunguza kufa kwa kama asilimia 42 na kuumia kichwa kwa kama asilimia 69. Lakini ikiwa kwa kichwa. Ile imening'inia kwa mkono inalinda kiwiko. Ikishaanguka ajali moja, nunua ingine.
- Malipo ya SHA yakiwa sawa. Tangu Oktoba 2024 ndiyo ilichukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Kama hauko kwa mshahara, jilipie mwenyewe, usingoje siku ya ajali.
- Bima ya ajali yako binafsi. Uliza pale unapokata ile ya lazima kama wanaeza kuongeza.
- Akiba ya angalau mwezi mmoja wa rent na chakula. Usiiguse.

Gari nayo si mbingu

Gari inakufunika na mvua, inabeba mathe kuenda kliniki, inabeba magunia mawili ya mahindi na mursik ya mgeni. Usiku ni salama zaidi. Ukiwa na mtoto mchanga, mjadala umeisha hapo.

Lakini gari inakula hata ikiwa imelala. Bima haijui kama umeendesha. Paking ya tao ni pesa kila siku. Tairi nne, si mbili. Murram inamaliza vichuma vya chini haraka, na fundi wa gari hafungui boneti kwa mia mbili. Pia kuna ushuru wa mtaa: ukiwa na gari, wewe ndio ambulensi ya kijiji, wewe ndio wa harusi, wewe ndio wa mazishi. Ni heshima kubwa, na ni mafuta yako. Ukiwa unataka kujua kama gari unaiweza, weka kando 25,000 kila mwezi kwa miezi sita kabla ununue. Ukishindwa kuweka, hautaweza kuiendesha pia. Ukifaulu, una laki moja na nusu ya kuanzia.

Je, skuta na za umeme?

Skuta ni tamu kwa tao: haina gia, ina pahali pa kuweka miguu, nguo inabaki safi. Shida yake huku ni tairi ndogo. Shimo ambalo Boxer inaruka, skuta inaingia. Kama job na keja zote ziko kwa lami ndani ya Kericho tao, sawa. Kama kuna murram, achana nayo.

Nduthi za umeme kama Roam, Spiro na Ampersand zimeingia Kenya, na kwa kilomita zinatumia pesa kidogo kuliko petroli. Swali lako moja tu: njiani kwako kuna pahali pa kuchaji ama kubadilisha betri? Milima inakula betri haraka kuliko tambarare, kwa hivyo ile kilomita imeandikwa kwa tangazo, ipunguze kabla uiamini.

Chagua hivi

- Chini ya kilomita 10, murram mingi, unarudi kabla ya giza: nunua nduthi. Ndio chombo cha hiyo njia.
- Kilomita 30 za lami, saa zako za kutoka ni usiku: baki kwa mathree, ama jipange polepole kwa gari. Usinunue nduthi ju ya ile 14,500 ya karatasi.
- Murram ya kufika steji halafu lami ndefu: changanya. Nduthi mpaka steji, uiache kwa duka ama kituo cha mafuta unachoaminika, halafu mathree. Mpe mlinzi kitu kidogo kila wiki. Hii ndio njia watu wengi hawafikirii, na ndio inapunguza hatari bila kukumaliza.
- Unabeba watoto ama mgonjwa kila wiki: gari, hata kama ni ya watu wawili mnachanga.
- Hauna pesa ya helmeti, koti na akiba ya mwezi mmoja juu ya bei ya nduthi: bado hauna pesa ya nduthi. Ngoja miezi miwili.

Kabla utoe doh, fanya kitu kimoja. Kwa wiki moja, andika kwa simu saa ile unatoka job, kama ilinyesha, na ni kilomita ngapi za njia yako ziko kwa barabara ya matrela. Siku tano tu. Kama siku tatu kati ya tano ulitoka gizani kwa mvua na trela ziko nyuma yako, hiyo karatasi imeshakujibu.